Kompyuta ya duka Mocímboa: Mlinzi akae mlangoni au ndani?

MCHELE ulioporwa hununuliwa mwingine, na bati lililoungua huezekwa jingine. Lakini daftari la madeni likipotea, mwenye duka hana pa kulinunua.

Waliorejea Mocímboa da Praia wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mji huo wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ulishambuliwa kwa mara ya kwanza Oktoba 5, 2017, ukatekwa na waasi Agosti 2020, na kukombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji Agosti 8, 2021. Waliokimbilia Pemba, Nampula au kuvuka Ruvuma kuja Mtwara walirudi kwenye maduka yenye kuta tupu. Hata Septemba 2025 mji huo ulishambuliwa tena.

Siku hizi daftari hilo linahamia kwenye kompyuta. Mara nyingi ni mashine ya mtumba, iliyonunuliwa Kariakoo au Pemba na kusafirishwa pamoja na mizigo mingine. Humo mna orodha ya wadaiwa, ankara za Kireno, picha za hati za forodha na bei za jumla kutoka Mtwara.

Mwenye mashine kama hiyo akiulizia ulinzi, atauziwa bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni ulinzi wa kuperuzi, yaani unaokuzuia usiingie kwenye tovuti mbaya. Ya pili ni ulinzi wa mashine yenyewe, ule ambao wengi wameuzoea kwa jina la antivirasi, ingawa wa leo unafanya zaidi ya kusaka virusi. Wauzaji huzitaja kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na kwa duka la Mocímboa tofauti yake ni pesa.

Mlinzi wa mlangoni

Ulinzi wa kuperuzi hufanya kazi kama bawabu mwenye orodha ya majina. Unapobonyeza kiungo, anatazama kama anwani hiyo imo katika orodha ya matapeli. Ikiwamo, anafunga mlango na kukuonyesha ukurasa mwekundu wa onyo.

Bawabu wa namna hiyo tayari unaye bila kumlipa. Chrome na Firefox hutumia orodha ya Google iitwayo Safe Browsing, na Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft. Kasoro ya zamani ilikuwa kwamba orodha ilikaa kwenye mashine na kusasishwa kila baada ya muda, ilhali tovuti nyingi za kitapeli huishi dakika chache tu. Machi 2024 Google ilianza kukagua anwani papo hapo kwa watumiaji wa kawaida wa Chrome.

Kuna bawabu wa pili, naye hana malipo. Kila jina la tovuti unaloandika hutafutwa kwanza katika kitu mfano wa kitabu cha namba za simu, kiitwacho DNS. Ukibadilisha kitabu hicho, utapewa kile ambacho hakina namba za matapeli. Quad9, shirika lisilo la kibiashara lenye makao Uswisi, hutoa huduma hiyo kwa anwani 9.9.9.9. Cloudflare wanayo yao kwa anwani 1.1.1.2. Inawekwa mara moja katika mipangilio ya mtandao ya kompyuta. Kwenye simu za Android toleo la 9 na kuendelea, unaandika dns.quad9.net mahali pa DNS binafsi, na tangu hapo simu inalindwa hata ukiwa safarini.

Hapo ndipo mwandishi anaposhangaa wanaolipia programu-jalizi za kuperuzi. Anayekagua kila ukurasa unaoufungua anaujua kila ukurasa uliofungua. Februari 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kukusanya taarifa za kuperuzi za wateja wake na kuziuza. Wateja hao walikuwa wameweka programu hiyo ili wasichunguzwe.

Mlinzi wa ndani

Bawabu wa mlangoni haoni kinachoingia kwa dirishani, na Mocímboa dirisha hilo ni flashi.

Intaneti ikiwa ghali au ikikatika, mafaili husafiri mfukoni. Ankara inatoka kwa wakala wa forodha ikiwa kwenye flashi, inapita duka la kuchapa, inaishia kwenye kompyuta yako. Mwandishi wa makala haya aliwahi kutoka duka la kuchapa na flashi ambayo mafolda yake yote yalikuwa yamegeuka njia za mkato. Mafaili yalikuwamo, yamefichwa tu, lakini kila aliyebonyeza njia hizo aliipa kompyuta yake ugonjwa uleule. Quad9 isingesaidia lolote.

Mlinzi wa ndani ndiye anayekagua flashi hiyo. Hulinganisha mafaili na alama za virusi vinavyojulikana, na pia hutazama mwenendo: programu inayoanza ghafla kuyafunga mamia ya mafaili kwa ufunguo wa siri husimamishwa, hata kama jina lake halijulikani. Ndivyo wanavyopambana na virusi vya utekaji, vile vinavyofunga kazi zako kisha vinadai kikombozi.

Kwa mashine moja au mbili, jibu ni Defender, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo. Ikiwa umekuta antivirasi ya majaribio iliyokwisha muda wake, iondoe kabisa ili Defender ishike zamu. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hupima programu hizi na kuzipa alama zisizozidi 18: sita za ulinzi, sita za wepesi wa mashine na sita za urahisi wa matumizi. Mwenye kompyuta ya mtumba na atazame hizo za wepesi kabla ya kutoa pesa.

Tatizo ni kwamba mlinzi wa ndani anahitaji kulishwa. Taarifa za virusi za Defender zikipakuliwa kwa mkupuo mmoja huzidi megabaiti 100, na bando linauma. Microsoft huziweka kama faili moja linaloweza kupakuliwa mahali penye intaneti nzuri, likabebwa kwenye flashi safi na kuwekwa kwenye mashine nyingi. Anayekwenda Mtwara au Pemba kila wiki anaweza kurudi nalo kama anavyorudi na sabuni.

Jambo jingine ni umri wa Windows. Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida Oktoba 14, 2025. Imesema taarifa za virusi za Defender zitaendelea kuja hadi Oktoba 2028, lakini hiyo ni kumbadilisha mlinzi silaha huku ukuta ukibomoka. Na ile Windows ya kunakiliwa kinyemela, inayofunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli, mara nyingi ugonjwa huja nayo siku ya kwanza.

Nani alipie?

Wakala wa forodha anayeingia kila siku kwenye mifumo ya serikali na ya benki yuko hatarini zaidi mlangoni. Tovuti bandia inayofanana na ya benki haihitaji virusi. Inahitaji neno lako la siri tu. Huyo aweke DNS salama kwenye kila kifaa kabla ya kufikiria kitu kingine.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, asiyefungua tovuti ila mara moja kwa wiki, hatari yake ni flashi. Huyo ashughulike na Defender na masasisho yake.

Ulinzi wa mashine wa kulipia unaanza kuwa na maana kwa mwenye kompyuta tano au kumi katika sehemu mbili tatu, tuseme ghala Mocímboa, ofisi Pemba na mnunuzi Mtwara. Hapo analipia uwezo wa mtu mmoja kuziona zote na kujua ipi haijasasishwa, zaidi ya antivirasi yenyewe. Defender ya biashara ndogo ilipoanza kuuzwa peke yake mwaka 2022 bei ilikuwa dola 3 kwa mtumiaji kwa mwezi. ESET na Bitdefender nazo huuza kwa hesabu ya mashine. Lakini programu hizi hushika mamlaka makubwa ndani ya kompyuta. Julai 19, 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows milioni 8.5 duniani kwa siku moja.

Pesa zilizo kwenye simu

Wengi wa wanaovuka Ruvuma wana laini mbili: M-Pesa au e-Mola upande wa Msumbiji, na ya Tanzania mfuko wa pili. Kule kwenye simu hakuna programu, ya mlangoni wala ya ndani, itakayozuia ujumbe usemao "ile pesa itume kwa namba hii". Ujumbe huo hauna kiungo wala faili. Kwa laini za Tanzania, namba ya tapeli hutumwa 15040, ambayo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imeitenga kwa kazi hiyo.

Programu zinasaidia kwenye WhatsApp ya bandia, ile GB inayogawanywa kwa mkono. Haimo katika duka la Google, na anayeiweka hulazimika kwanza kuiruhusu simu ipokee programu kutoka popote. Simu yenye pesa za mauzo isifanyiwe hivyo.

Nakala nje ya mji

Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake yanajulikana katika kila bandari ya Afrika Mashariki, ilipigwa na virusi viitwavyo NotPetya Juni 27, 2017. Ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Kumbukumbu kuu za mtandao wake zilifutika kila mahali, isipokuwa kwenye seva moja iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika saa hiyo. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kuzituma, kwa hiyo zilibebwa kwa ndege hadi Nigeria, zikakabidhiwa kwa mfanyakazi mwingine uwanjani na kufika Uingereza.

Kampuni yenye walinzi wa kila aina iliokolewa na nakala iliyokuwa haijaunganishwa na kitu chochote. Kwa duka la Mocímboa hesabu ni hiyohiyo, na moto na uporaji juu yake. Nakala mbili: moja nyumbani, ikiwa imechomolewa kwenye kompyuta, nyingine kwa ndugu Mtwara au Pemba, ikibadilishwa kila safari ya mzigo.

Nakala hiyo ifungwe. Orodha ya majina, namba za simu na kiasi anachodaiwa kila mtu si kitu cha kuangukia mikononi mwa yeyote barabarani. Programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure, inafunga folda zima kwa neno la siri, pamoja na majina ya mafaili yaliyomo. Neno lenyewe alijue mwenye duka na mtu mmoja wa nyumbani, na lisiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya flashi.