Maji ya Kumwaga na Maji ya Kubakiza

Mchicha mbichi, katika kila gramu 100, una miligramu 40 hivi za vitamini C, pamoja na foleti, madini ya chuma, kalsiamu na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hiyo ni hesabu ya sokoni. Hesabu ya mezani ni nyingine, kwa sababu kati ya soko na meza kuna kisu, maji, moto na muda, na kila kimoja huondoka na chake.

Vitamini C na jamii nzima ya vitamini B huyeyuka katika maji. Jani likikatwa, seli zake hupasuka na vitamini hizo hupata njia ya kutokea. Kwa hiyo kuosha mboga kwanza na kuikata baadaye kuna faida kubwa: mboga iliyokatwakatwa kisha ikaachwa ielee kwenye beseni huanza kupoteza virutubisho kabla jiko halijawashwa. Ikichemshwa katika maji mengi, ikakamuliwa, na maji yale ya kijani yakamwagwa, nusu ya vitamini C au zaidi inaweza kwenda nayo. Madini ya chuma hayaharibiwi na moto, lakini sehemu yake nayo hufuata maji.

Ndiyo sababu sukuma wiki ya Kenya inastahili sifa. Kitunguu na nyanya huungwa kwa mafuta kidogo, mboga hutiwa, sufuria hufunikwa, na chakula huipuliwa mapema majani yangali na rangi yake. Maji ya nyanya na ya mboga yenyewe hutosha. Kinachotoka kwenye majani hubaki kwenye mchuzi, na mchuzi huchovewa tonge la ugali hadi uishe. Nyanya nayo hupata faida yake, kwa kuwa laikopini, rangi yake nyekundu, hufyonzwa na mwili vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kuliko nyanya ikiliwa mbichi.

Magadi yanahitaji kuzungumzwa kwa uangalifu zaidi. Huchotwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, Ziwa Natron nchini Tanzania na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na wapishi wanayapenda kwa sababu za kweli: hulainisha mlenda, huwahisha maharage na makande kuiva, na huacha mboga na kijani cha kuvutia. Kijani hicho kina maelezo yake. Mboga inapochemka, asidi iliyomo kwenye majani huing'oa magnesi kutoka kwenye klorofili, na rangi hugeuka kuwa ya majani makavu. Magadi huizima asidi hiyo, hivyo rangi hubaki. Lakini hali hiyohiyo inayookoa rangi huvunja vitamini B1 na vitamini C kwa kasi. Mboga huonekana mbichi machoni wakati sehemu kubwa ya thamani yake imeshatoweka.

Kuna na floridi. Magadi ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa nayo kwa wingi, na katika mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya kunywa ya baadhi ya maeneo tayari yana floridi nyingi, magadi ya jikoni huongeza mzigo kwa watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanajengwa. Meno yenye madoa ya kahawia yanayoonekana sana kaskazini mwa Tanzania yana uhusiano na jambo hili. Hata hivyo si haki kumlaumu mama anayetia kijiko cha magadi kwenye maharage wakati mkaa umepanda bei. Anachohitaji ni njia nyingine ya kupunguza kuni, na njia hiyo ipo: kuyaloweka maharage usiku kucha.

Maji hayo ya kulowekea yamwagwe. Hubeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, na hupunguza fitati zinazoyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Vitamini kidogo hupotea, lakini biashara hiyo ina faida. Kisha maharage yapewe maji mapya na moto mkali, yatokote kwelikweli kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguziwa moto. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo huleta kutapika na kuhara. Kutokota huivunja, ilhali moto hafifu usiofikisha mchemko unaweza kuiacha na nguvu zake.

Kwenye muhogo mambo hugeuka kabisa. Hapa maji yanayomwagwa ndiyo yanayookoa maisha. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo tishu za mmea zikipondwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi. Wakulima wa muhogo walilijua hili kwa vitendo muda mrefu kabla ya maabara. Huumenya, huuloweka siku 3 au 4 hadi ulainike na uchachuke, huuanika, kisha ndipo huusaga. Kila hatua huiondoa sumu kidogo kidogo.

Ukame ukija na njaa ikabisha hodi, hatua hizo hufupishwa. Mwaka 1938 daktari wa Kiitaliano Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo aliouona Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji: mtu mwenye afya njema anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na ulemavu huo haumwachi tena. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwakumba watu zaidi ya 1,000 Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, mkoani Mara. Mfano ulijirudia: ukame, muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka, na mboga au kitoweo chenye protini kukosekana. Hilo la mwisho lina uzito wake, maana mwili huigeuza sianidi isiwe na makali kwa kutumia salfa inayotokana na protini. Samaki mkavu na maharage kando ya ugali wa muhogo ni kinga.

Mwanakemia Howard Bradbury wa Australia alibuni njia nyepesi kwa unga ambao tayari umesagwa. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sianidi iondoke kama hewa, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo. Wanawake wa vijiji vya Kwango, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliitumia, na ikasaidia kuzuia konzo. Haihitaji mashine wala fedha, na inasikitisha kwamba haijulikani kila mahali panapoliwa ugali wa muhogo mchungu.

Kisamvu, yaani majani ya muhogo, ambacho mashariki mwa Kongo huitwa sombe, kina sumu hiyohiyo, na kinu ndicho dawa yake. Majani yatwangwe yakiwa mabichi, kwa sababu kuyachemsha mazima kwanza huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, chini kabisa ya joto la sufuria, basi mfuniko uondolewe mvuke utoke. Hapa kupika muda mrefu, kunakoharibu mchicha, kunakubalika: vitamini C itapungua, lakini protini, kalsiamu na betakarotini bado zitabaki kwa kiasi kizuri.

Tui la nazi au karanga zinazotiwa kisamvuni nazo zina kazi. Betakarotini huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta kidogo mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Jambo hilo linahusu pia viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyowapatia Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Kiazi kimoja cha wastani kilichochemshwa kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A kwa siku. Kichemshwe na ganda lake, kiliwe na karanga. Michembe, yaani vipande vya viazi vilivyoanikwa juani, hukaa muda mrefu ghalani, ila jua huila betakarotini, na kadiri michembe inavyokaa ndivyo inavyozidi kupungua.

Limebaki jambo la chai. Kikombe cha chai pamoja na maharage au mboga za majani kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya madini ya chuma ambayo mwili ungeyafyonza, kwa kuwa tanini huyanasa tumboni. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, chungwa au pera baada ya kula, hufanya kinyume chake. Kwa mjamzito, au binti aliyeanza hedhi, ambao ndio huandamwa zaidi na upungufu wa damu, chai ingesogezwa tu mbele kwa saa moja baada ya chakula, na pera likakaa mahali pake.