Ubaguzi wa Rangi Utotoni, Usahaulifu Uzeeni

Mzee anapopotea katika njia aliyoipita kwa miaka arobaini, watu wengi husema ni uzee tu. Uzee peke yake hauleti hali hiyo. Dimenshia hutokana na magonjwa yanayoharibu ubongo hatua kwa hatua, hadi mgonjwa ashindwe kukumbuka, kupanga mambo yake na hatimaye kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu, na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo ni chanzo kingine kikubwa.

Nchini Marekani, mzigo wa dimenshia hauwaelemei wazee wote kwa usawa. Inakadiriwa kuwa wazee weusi wanaugua kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha wazee weupe. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia kwa miaka 14 wazee zaidi ya 270,000 wa kaskazini mwa California. Kwa wastani, kila mwaka katika watu 1,000 walipatikana wagonjwa wapya wapatao 27 miongoni mwa weusi, 19 miongoni mwa weupe na 15 miongoni mwa wenye asili ya Asia. Wote walikuwa wanachama wa mpango mmoja wa bima na matibabu, kwa hiyo ukosefu wa bima hautoshi kuieleza tofauti hiyo.

Je, chanzo ni nasaba? Jibu moja muhimu lilitoka Afrika. Mwaka 2001 watafiti wa Nigeria na Marekani walichapisha ulinganisho wa Wayoruba wa jiji la Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, wote wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Wagonjwa wapya wa dimenshia kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na asilimia 3.24 Indianapolis. Wayoruba wanaishi Afrika Magharibi, eneo ambako mababu wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa utumwani. Kama asili ya Kiafrika ingekuwa ndiyo chanzo, Ibadan isingekuwa na wagonjwa wachache kiasi hicho. Vinasaba vina mchango wake, lakini haviwezi kueleza pengo hilo peke yake. Inabidi kutazama maisha ambayo watu hao wameyaishi.

Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka themanini na zaidi leo, aliyezaliwa Alabama au Mississippi, alianza shule kabla Mahakama ya Juu haijatamka, tarehe 17 Mei 1954, kwamba kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Shule za weusi zilipewa fedha kidogo na vitabu vichakavu, na katika maeneo ya pamba mara nyingi mihula ilikuwa mifupi. Elimu ya utotoni huujengea ubongo akiba: mtu mwenye akiba kubwa huweza kustahimili madhara mengi zaidi kabla dalili hazijajitokeza. Mtafiti Jennifer Manly wa New York na wenzake walionyesha kuwa wazee weusi na weupe waliosoma miaka ile ile walitofautiana katika vipimo vya akili, lakini tofauti hizo zilipungua sana pale uwezo wao wa kusoma ulipozingatiwa. Miaka ya darasani ilikuwa sawa. Elimu iliyotolewa haikuwa sawa.

Utu uzimani yaliongezeka mengine. Katika miaka ya 1930, wakala wa serikali kuu ulichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mikopo ya nyumba, na mitaa ya weusi iliangukia humo karibu yote. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilipitishwa 1968. Hadi katikati ya miaka ya 1960, hospitali nyingi za Kusini ziliwatenga wagonjwa weusi au kuwakataa kabisa.

Hali hizi huingia mwilini. Msongo wa muda mrefu huuweka mwili katika tahadhari, ukiongeza homoni ya kotisoli na kupandisha shinikizo la damu. Shinikizo la juu la damu huwaanza Wamarekani weusi mapema zaidi, na lisipodhibitiwa hukaza na kuziba mishipa midogo ya ubongo kwa miaka mingi kabla mtu hajasahau jina la mwanawe. Utafiti wa 2017, uliofanyika pia kaskazini mwa California, ulibaini kuwa wazee waliozaliwa katika majimbo yenye vifo vingi vya kiharusi, mengi yakiwa ya Kusini, walipata dimenshia zaidi ingawa walikwisha kuhama.

Somo hili linaigusa Tanzania pia. Chini ya ukoloni, shule za Tanganyika zilitengwa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika, na watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kusoma waliishia darasa la nne. Watoto hao ndio wazee wa leo. Mzee asiyejua kusoma anaweza kushindwa kipimo kinachodai maandishi ilhali ubongo wake ni mzima. Ndiyo maana wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kiliandaliwa kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika, ambacho humtaka mzee, pamoja na maswali mengine, kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Daktari hana budi pia kuwauliza jamaa jinsi mgonjwa anavyomudu shughuli za kila siku.

Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kuwa takribani asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na vihatarishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, vikiwamo elimu duni, shinikizo la damu, kisukari, usikivu hafifu, uvutaji wa sigara na hewa chafu. Kupima shinikizo la damu tangu umri wa miaka arobaini na kutibu masikio mapema ni hatua zilizo mikononi mwa familia na zahanati. Darasa bora kwa kila mtoto na hewa safi kwa kila mtaa ni wajibu wa wenye mamlaka, na kinga hiyo hutakiwa kuanza miaka sitini kabla ya ugonjwa.