Bei ya Barabara Kariakoo

Katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, biashara hukaa kwa safu. Safu ya kwanza ni fremu, ambazo wapangaji wake hulipa kodi ya pango na mara nyingi kilemba, malipo ya kupewa fremu, juu yake. Ya pili ni baraza: asubuhi mlango wa chuma ukishapandishwa, kijana wa duka hutoa sanamu zilizovishwa magauni, akazipanga juu ya mfuniko wa mtaro, kisha akatundika suruali kwenye bomba lililochomelewa ukutani. Mbele yake machinga hutandika turubai. Wa mwisho ni wale wanaosimama na bidhaa mkononi. Mwenda kwa miguu hubakiwa na katikati ya barabara, akigombea nafasi na mikokoteni na bodaboda.

Thamani ya eneo hili inatokana na wingi wa wapita njia. Kariakoo huuzia mikoa yote ya Tanzania, na wanunuzi wengine hutoka Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Duka lililo ghorofa ya tatu linaweza kuwa na mzigo uleule kwa bei nafuu zaidi, lakini mteja hapandi mpaka apelekwe na winga, yaani dalali, na winga naye anataka chake. Aliye chini hana haja ya winga. Ndiyo sababu Machinga Complex, jengo lililojengwa Ilala kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ili kuwatoa wachuuzi barabarani, lilibaki na nafasi nyingi tupu kwa miaka: vizimba vilikuwepo, wateja hawakuwepo.

Msimamo wa mamlaka umekuwa ukibadilika. Desemba 2018 Serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na wengi walivichukulia kama ruhusa ya kupanga bidhaa popote. Oktoba 2021 wachuuzi wa Dar es Salaam wakatakiwa kuhamia maeneo maalumu, na vibanda vikabomolewa. Baada ya muda turubai zikarudi, moja moja, hadi mitaa ikajaa tena. Mchuuzi aliyepitia yote mawili hujifunza kwamba amri huja na kupita. Kwa hiyo hanunui meza nzuri wala haweki akiba ya mzigo. Hununua kile anachoweza kukikunja na kukimbia nacho mgambo wakitokea.

Magari yana utaratibu tofauti. Tangu 2021 Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) umekuwa ukitumia mfumo wa kielektroniki kukusanya ushuru wa maegesho jijini: mkusanyaji huingiza namba ya gari, na deni humfuata mwenye gari hadi alipe. Kwa hiyo mita chache za barabara hulipiwa zikiwa na gari. Zikikaliwa na tairi bovu lililojazwa zege na kuchomekwa mti, ambalo mwenye duka ameliweka ili wateja wake au kirikuu, gari dogo la kushushia mzigo, wapate pa kusimama, hazilipiwi. Hapa ndipo penye dhuluma. Dereva anaandikiwa deni, machinga anafukuzwa, na mwenye tairi haguswi.

Nafasi ya machinga nayo si ya bure. Humlipa mlinzi au mwenye stoo kwa kulaza mzigo usiku, na wapo wanaomlipa mwenye duka ili wakae mbele ya mlango wake. Wengine huuza mali ya duka hilohilo. Duka hutakiwa kutoa risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) kwa kila mauzo, ilhali kilichouzwa juu ya turubai mara nyingi hakina risiti, na tofauti hiyo humshinda kibiashara jirani anayelipa kodi yake yote. Kuwaita wote waliopanga chini wachuuzi wadogo ni kuficha mtaji mkubwa nyuma ya kijana mwenye fulana tano begani.

Rangi inayochorea maegesho inaweza kuchora pia nafasi za meza, zenye namba na ada inayojulikana, kila moja ikiandikwa kwa jina la mchuuzi mwenyewe ili mwenye duka asiikodishe. Kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, hata hivyo, lazima upimwe upana wa kupitisha gari la zimamoto na kiti cha magurudumu, na upana huo usiuzwe kwa yeyote, awe mwenye meza, mwenye fremu au mwenye gari.