Kiingereza Huanzia Sikioni

Vijana wengi wanaochoma na kuuza nyama hapa Kikopey wamesoma hadi kidato cha nne. Mpe mmoja wao gazeti la Kiingereza, atalisoma. Mpe kalamu, atakuandikia barua rasmi yenye anwani mbili na kichwa kilichopigiwa mstari. Lakini gari la watalii wanaokwenda Ziwa Elementaita likisimama, mgeni akashuka na kuuliza jambo moja tu kuhusu mbavu za mbuzi, utawaona wakitazamana, kila mmoja akimsukumia mwenzake mteja. Maneno ya Kiingereza wanayo tele vichwani. Sikio la kuyapokea yanapotamkwa ndilo ambalo hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Mimi nilifundisha Kiingereza katika shule za msingi za upande huu wa Gilgil hadi nilipostaafu. Siku hizi, Jumanne alasiri biashara ikipoa, huketi nyuma ya bucha moja na wafanyakazi wa hapa tukafanya mazoezi. Wamo wachomaji, maweita, mama anayekata kachumbari, kijana wa bodaboda, na binti mmoja anayejiandaa kufanya mtihani wa Kiingereza ili akafanye kazi ya uuguzi ng'ambo. Hatuna ubao wala vitabu vya kiada. Tunayoyafanya yanaweza kufanywa na yeyote nyumbani kwake, ndiyo sababu nayaandika.

Shule ilipotuacha

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ikakitaja pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Darasani, hata hivyo, Kiingereza ndicho kilichoshika usukani tangu Tume ya Ominde ya 1964 ipendekeze kiwe lugha ya kufundishia. Mtoto wa Kikopey husikia Kikuyu, Kimaasai au Kiturkana nyumbani, Kiswahili sokoni, na kuanzia Gredi ya 4 karibu masomo yake yote huyasoma kwa Kiingereza.

Sasa tazama jinsi vijana hawa walivyopimwa. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE walioufanya mwishoni mwa kidato cha nne ulikuwa na karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na alama 60, na 30 kati ya hizo zilitengewa stadi za mazungumzo. Nusu nzima. Lakini mtahiniwa hakufungua mdomo. Aliandika ni maneno gani yanayotamkwa sawa, akaandika mahali ambapo angepandisha sauti, akaandika jinsi ambavyo angemjibu mtu fulani. Hakuna aliyemsomea kitu asikilize. Mwenzake aliyechukua Kifaransa alisikilizishwa kifungu kisha akahojiwa ana kwa ana, ilhali Kiingereza, ambacho mtoto huyo atakihitaji siku ya kwanza ya kazi, kilibaki kwenye karatasi.

Nayasema haya kwa sababu wanafunzi wangu wazima huja wakijilaumu. Kijana mwenye alama nzuri kwenye cheti huniambia, "Mwalimu, nadhani mimi kichwa yangu ni nzito." Humjibu, mwanangu, kichwa chako ni kizima. Wewe ulifundishwa kusoma na kuandika, ukasoma na kuandika vizuri. Kusikia ni kazi nyingine, nayo ina mazoezi yake.

Mbona maneno ninayoyajua siyasikii?

Lugha tulizokulia zimetuzoesha uaminifu fulani wa sauti. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa wazi popote ilipo. Mkazo nao, kwa kawaida, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu 20 hivi, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Ndiyo maana "sheep" ya kondoo na "ship" ya meli huingia katika sikio letu kwa mlango mmoja. Tena mkazo wa Kiingereza huhamahama, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Mgeni akiuliza "What have you got left?" hutoa maneno matano kwa pumzi moja, na yale ya katikati hubaki kama mvumo. Weita anayajua yote matano. Angeyaona yameandikwa angejibu mara moja.

Kwa hiyo zoezi letu la kwanza ni kusikiliza mara tatu. Tunachukua rekodi fupi, dakika moja au mbili, ya habari au mazungumzo. Mara ya kwanza hakuna kuandika. Swali ni moja tu, kinazungumzwa nini hapa? Mara ya pili, kila mtu aandike maneno yaliyotamkwa kwa nguvu, basi. Katika Kiingereza maneno yenye mkazo ndiyo hubeba ujumbe, na anayekamata "got" na "left" ana nusu ya swali mkononi. Mara ya tatu tunasikiliza huku tukifuata maandishi kwa kidole, ili jicho lilionyeshe sikio ni wapi maneno yalipomezwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayofundisha.

Usianze na rekodi ngumu. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi kwa ajili ya wanaojifunza. Yalitumia maneno 1,500 hivi, sentensi fupi, na msomaji aliyesoma taratibu kuliko kawaida. Wazo lile lingali zuri. Siku hizi simu yako yenyewe inaweza kupunguza kasi ya rekodi. Ipunguze bila haya, kisha uirudishe kidogo kidogo kadiri sikio linavyozoea.

Bei, saa na "ndiyo"

Kuna mambo matatu ambayo yameharibu oda nyingi barabara hii, na yote matatu yanatibika.

La kwanza ni tarakimu. Husimama nyuma ya wanafunzi ili wasiione midomo yangu, nikataja bei, nao huziandika kwenye vipande vya katoni: 1,350, kisha 1,315, kisha 1,530. Katoni zikigeuzwa juu, mwanzoni huwa ni bei za kila namna. "Fifteen" na "fifty" ni ndugu wanaotofautishwa na mahali nguvu inapoangukia. Mtu akitaja 15 huliburuta lile neno mwishoni, na akitaja 50 hulipiga mwanzoni na kulimaliza upesi. Tunazirudia mbili mbili, 13 na 30, 14 na 40, 16 na 60, hadi mikono iache kusitasita.

La pili ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Mwingereza huanza upya saa sita za mchana na za usiku. Mteja akipiga simu asubuhi kusema yuko njiani na wenzake kumi na mmoja na watafika "at one", ukaandika saa moja kwenye daftari, watu kumi na wawili watakuja saa saba mchana na kukuta mbuzi hajawekwa motoni. Dawa yake ni kuitaja saa pamoja na wakati wa siku: "One o'clock in the afternoon, for lunch?" Mteja atakubali au atakurekebisha kabla hajakata simu.

La tatu ni swali la kukanusha. Mgeni akiuliza, "You don't have goat today?" nawe huna mbuzi, ulimi wako utataka kusema "Yes", kwa sababu kwetu tunasema "Ndiyo, hakuna": tunakubaliana na alivyosema mtu. Kiingereza hukubaliana na hali yenyewe. Kama mbuzi hayupo, jibu ni "No". Ukisema "Yes" mgeni ataketi akisubiri mbuzi. Ninachowafundisha ni kutolitegemea neno moja. Jibu kwa sentensi nzima: "No, we don't have goat. We have sheep." Hapo hata ukikosea mwanzo, mwisho utakuokoa.

Kurudia alichosema mwenzako

Ukiyatazama matatu hayo utaona yanaponywa na tabia moja, nayo ni kumrudishia msemaji alichosema kabla hujaenda kukitekeleza. "Two kilos of ribs, no salt. Is that right?" Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili.

Wanafunzi wengi hulikwepa kwa kuona kwamba anayeuliza tena ni mtu asiyejua. Mimi huwaeleza habari za marubani. Mnara wa kuongozea ndege ukimpa rubani ruhusa ya kutumia njia, rubani hulazimika kuirudia kwa sauti, hata awe amerusha ndege maisha yake yote. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Kutoelewana kwenye redio kulikuwa miongoni mwa sababu. Rubani wa KLM aliamini ameruhusiwa kuruka, naye hakuwa ameruhusiwa. Baada ya ajali ile, maneno ya kuzungumzia baina ya mnara na ndege yalikazwa. Tangu 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hutaka marubani na waongozaji ndege wa safari za kimataifa wapimwe kwa kuzungumza na kusikiliza, katika ngazi sita, na asiyefikia ya nne hapiti. Ikiwa rubani hurudia, weita wa Kikopey ana haki ya kurudia.

Kwa hiyo tunaigiza. Mmoja ni mteja mwenye haraka, mwingine mhudumu, na wa tatu anasikiliza tu kama oda imerudiwa sawasawa. Mteja anaruhusiwa kubadili nia katikati, kama wafanyavyo wateja. Mama wa kachumbari, ambaye hakumaliza shule ya msingi, huwapita waliomaliza, kwa sababu hana haya ya kusema, "Sorry, could you say that again, please?" Sentensi hiyo, na nyingine inayoanza "Do you mean…", tunazikariri hadi zitoke zenyewe. Nazo "please" na "could you" hazipambi tu. Heshima ambayo sisi huiweka ndani ya "naomba", Kiingereza huiweka humo, na mtu akiambiwa "Give me money" badala ya kuombwa malipo hujihisi ameamrishwa.

Kusoma kilicho chini ya uwezo wako

Binti anayejiandaa kwenda ng'ambo atafanya mtihani wa IELTS. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 ndani ya dakika 30 hivi, na kila rekodi husikika mara moja tu. Kusoma nako kulikuwa kumemkwamisha. Alikuja kwangu akiwa na tahariri za magazeti na kamusi, akichimba kila mstari. Jioni nzima aliishia ukurasa mmoja, na kesho yake alikuwa ameusahau.

Watafiti Hu na Paul Nation walichapisha mwaka 2000 matokeo yaliyonifaa sana katika kazi hii. Ili msomaji aelewe maandishi vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Yaani neno geni liwe moja katika hamsini. Ukurasa wa maneno 250 ukiwa na magumu zaidi ya matano, kitabu hicho kiweke rafuni, wakati wake utafika. Binti alichukua vitabu vya hadithi vya watoto wa shule, vile ambavyo alidhani ni aibu kuonekana navyo, na sasa husoma kurasa nyingi kwa siku, kisha hunisimulia alichosoma kwa maneno yake mwenyewe. Kusimulia ndiko kunakoonyesha kama ameelewa. Kujibu maswali ya kitabu kunaweza kufanywa kwa kunakili mstari.

Pasipo kicheko

Kikundi chetu kina sheria moja, kwamba hachekwi mtu. Kuna anayechanganya "l" na "r" kwa sababu ya lugha ya mamaye, kuna anayechanganya "b" na "p". Nilipokuwa mwanafunzi tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaandika mateso hayo katika kitabu chake cha 1986, "Decolonising the Mind", na wa rika langu hawakuhitaji kuelezwa. Kibao kile hakikunifundisha Kiingereza. Kilinifundisha kunyamaza, na ilinichukua miaka kujifunza kusema tena. Kwa hiyo kwetu Kiswahili kinaruhusiwa wakati wowote. Tunaelezana kwa Kiswahili, tunaulizana kwa Kiswahili, kisha tunarudi kwenye zoezi tukijua tunachofanya.

Wenye hoteli na bucha wa barabara hii nawaomba nusu saa kwa wiki, siku ambayo wateja ni wachache. Gharama yake ni chai. Na wewe unayesoma haya mbali na Kikopey, tafuta wenzako wawili na simu moja yenye rekodi fupi. Sikilizeni mara tatu, tajianeni bei na saa, agizianeni chakula na kurudishiana oda. Msingoje mwalimu wala darasa. Mkianza leo jioni, mkarudia wiki hii na ijayo, mgeni atakapouliza tena habari za mbavu za mbuzi, mmoja wenu atasogea mbele na kumjibu.