Kabla ya Kuuza Kiwanja kwa Ajili ya Tiba ya Mama

Ijumaa moja baada ya swala, kijana wa mtaa wetu alitufuata ofisini mwa msikiti akiwa na hati ya kiwanja. Mama yake anaugua saratani ya ovari, na ndugu aliye ughaibuni amewaeleza kuwa ipo tiba mpya ya vidonge. Alitaka kamati imtafutie mnunuzi. Tulimuuliza: je, mama amepimwa vinasaba? Hakuwa na jibu.

Tiba aliyoikusudia huitwa tiba lengwa. Kemotherapia hushambulia seli zote zinazogawanyika upesi, ndiyo maana nywele hunyonyoka; tiba lengwa huutafuta udhaifu maalumu wa saratani yenyewe. Dawa ya olaparib, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2014, huizuia seli kurekebisha vinasaba vyake vilivyoharibika. Mwenye hitilafu katika jeni za BRCA1 au BRCA2 ndiye anayefaidika zaidi, kwani seli zake za saratani zimekwisha kupoteza njia nyingine ya kujirekebisha. Zikifungwa njia zote mbili, hufa. Asiye na hitilafu hiyo huenda akauziwa kiwanja kwa faida ndogo sana.

Wala vidonge hivyo havichukui nafasi ya upasuaji na kemotherapia. Kwa kawaida huanza baada ya kemotherapia kuisinyaza saratani, ili isirejee upesi. Humezwa asubuhi na jioni, na kwa kuwa huweza kupunguza damu mwilini, mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Ipo pia bevacizumab, ya dripu, inayozuia kuota kwa mishipa ya damu inayoilisha saratani.

Kipimo kina uzito mwingine. Ikiwa hitilafu ni ya kurithi, kila mtoto, wa kiume na wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nayo. Tunazijua familia zinazoficha jambo hili zikihofia mabinti wasiposwe. Hofu hiyo tunaielewa, lakini hatuikubali: binti aliyeambiwa mapema huweza kufuatiliwa na madaktari kabla ya maradhi.

Tulipomuuliza kijana mama mwenyewe anasemaje, aliinama. Watoto walikuwa wamekaa vikao vitatu, naye hajaambiwa hata jina la ugonjwa wake. Tulimrudishia hati yake. Jumatatu atampeleka mama kliniki, akae naye mbele ya daktari, na maswali ayaulize mama mwenyewe.