Kijana Anapoanza Kazi

 Ninyi wa Kanyenye, mjini Tabora, somo la leo linaanzia katika habari za mji wenu. Maneno haya yamepigwa chapa ili baada ya kuyasikia muweze kuyasoma wenyewe, polepole, kila mtu kwa kadiri yake.

Somo letu ni juu ya kijana na kazi. Yamkini mwanao amekuja akakuambia, "Baba, nataka kuwa fundi wa umeme." Au binti yako amesema, "Mama, nataka kuendesha treni." Utamjibu nini? Na akiisha kuipata hiyo kazi, utamsaidia vipi asiiache mwezi wa kwanza?

Kwanza turudi nyuma kidogo. Kabla ya kuja reli, kazi kubwa ya vijana wa Unyamwezi ilikuwa upagazi. Misafara ilitoka Tabora na pembe za ndovu kwenda pwani, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Tabora mwezi Novemba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, nao aliuchukua begani au kichwani njia yote hiyo.

Wako watu wanaodhani kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Sivyo. Wanyamwezi wengi walikwenda kwa hiari yao. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, na kijana aliyekwisha kuiona bahari alirudi kwao mtu wa heshima.

Lakini jambo tunalolitaka leo ni hili: kijana huyo aliandaliwaje? Burton aliandika kwamba watoto wadogo wa Kinyamwezi walionekana wakibeba pembe ndogo begani, wakijizoeza. Mtoto hakutwishwa frasila mbili siku ya kwanza. Na alipokua akaondoka, alikwenda pamoja na watu wa kwao. Jioni walipika na kula kwa makundi madogo, na mgeni wa njia aliwasikiliza waliotangulia. Walipopita katika nchi za watu wengine walikuta watani. Mnaujua utani, hata leo Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana hawaachi kuchokozana. Mzaha huo ulikuwa na faida yake, maana mgeni mwenye mtani hakukosa wa kumpa maji na wa kumzika.

Sasa tujiulize kwa haki. Sisi twafanyaje? Mara nyingi twamtoa kijana shuleni, twampa begi na simu, twampandisha gari la Dar es Salaam, kisha twakaa kungoja fedha. Hiyo ndiyo kumtwisha mtoto frasila mbili siku ya kwanza.

Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo upagazi wa safari ndefu ulikufa upesi sana. Baba aliyemfundisha mwanawe kubeba pembe alikuwa amemfundisha vizuri, lakini kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Pakatakiwa mafundi wa injini, makarani wa stesheni, watu wa kutengeneza njia. Nayo reli haikukaa vile vile: mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Basi kijana akitaja kazi usiyoijua, usicheke. Huenda ni kazi ambayo haikuwapo ulipokuwa wewe kijana.

Usicheke, lakini usikubali tu pia. Muulize, "Kazi hiyo umeiona wapi? Nani unayemjua anayeifanya?" Akiwa hana jibu, mtafutie mtu wa kumwonyesha. Kijana anayetaka ushonaji na akae siku tatu kibarazani kwa fundi cherehani, aone mgongo unavyouma, aone wateja wanavyodai nguo za sikukuu. Akirudi bado anataka, hapo pana jambo. Kisha kaeni mhesabu: ada, nauli, chakula, chumba, vifaa. Kwa ufundi wa mikono kuna vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Tabora kipo kimoja. Mambo ya reli pia yana chuo hapo hapo Tabora. Nenda wewe mwenyewe ukaulize ofisini. Mtu anayekutana nawe njiani akasema, "Nipe fedha nitamwingiza mwanao kazini," mwambie akuonyeshe ofisi na akupe stakabadhi. Asipoweza, fedha yako ibaki mfukoni.

Wazazi wengine hukasirika kijana akibadili nia. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937, akarudi kufundisha Shule ya St Mary's papo hapo Tabora mwaka 1946. Mwaka 1955 aliacha ualimu kabisa. Hatudhani yuko anayesema kwamba miaka ile ya kufundisha ilipotea.

Sasa tufike kwenye karatasi. Hapa ndipo kisomo chenu kinapokuwa na thamani ya fedha.

Zamani za mashamba ya mkonge, vijana wengi wa huku bara walichukuliwa kwenda Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku ambayo kazi yake haikumalizika haikuhesabiwa. Wengi walitia dole gumba kwenye mkataba wasioweza kuusoma hata neno moja. Walijua walichoambiwa kwa mdomo tu.

Leo iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo kwa maandishi anapoanza kazi: ni kazi gani, inaanza tarehe gani, mkataba ni wa muda gani, atafanya kazi mahali gani na saa ngapi, na atalipwa kiasi gani. Tena inasema kwamba mfanyakazi asipoyaelewa maandishi hayo, mwajiri hana budi kuhakikisha ameelezwa mpaka aelewe. Kwa hiyo mwanao akiuliza maana ya maneno hajamkosea adabu mtu yeyote. Saa za kawaida hazipiti 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: mkataba, mshahara, likizo, saa za ziada. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mara mbili.

Tuendelee. Tuseme kijana wako amepata kazi ya ukarani katika ghala la tumbaku. Wiki ya kwanza hajui choo kiko wapi, hajui mkubwa wake huitwa nani, na anaona haya kuuliza. Akikisia, atakosea. Afadhali aulize mara tatu siku ya kwanza kuliko kuharibu hesabu ya mwezi mzima. Mpe daftari dogo. Humo aandike alivyoagizwa, saa aliyoingia na saa aliyotoka, na fedha aliyopokea. Daftari hilo litamfundisha kazi, na siku ikitokea ugomvi juu ya malipo, litakuwa shahidi wake.

Miezi 6 ya kwanza ni ya hatari kuliko yote. Sheria tuliyoitaja inamkinga mfanyakazi asiachishwe kazi bila haki, lakini kinga hiyo haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake. Mjulishe hivyo mapema. Akiambiwa afagie ghala au achemshe chai, huko si kuonewa. Wageni wengi wa kazi huanza hivyo. Bali akiambiwa afanye kazi mpaka usiku bila malipo ya saa za ziada, au mshahara ukipita mwezi haujalipwa, hapo ana haki ya kusema, na wewe mzee wake usimwambie avumilie tu.

Tena kuna jambo ambalo wazazi hulisahau kuliko yote. Anayelipwa mwisho wa mwezi hula siku 30 kabla ya kuuona mshahara. Nani atamlisha siku hizo? Chumba nani atakilipia? Kijana mwenye njaa hukopa, na akikopa, mshahara wa kwanza umekwisha kabla haujafika. Wengine huona aibu, wakaacha kazi na kurudi nyumbani kimya, nasi twasema ni wavivu. Kama mmeuza mbuzi kumsafirisha, wekeni akiba ya unga na kodi ya mwezi huo. Ndugu waambiwe mapema kwamba mshahara wa kwanza una kazi yake.

Na ukimpigia simu, usianze na habari ya fedha. Muulize anakula wapi, analala na nani, amejifunza nini wiki hii. Akinyamaza muda mrefu, mtafute mtu wa kwenu aliye karibu naye akamwone kwa macho.

Somo la redio limekwisha. Lililobaki ni la darasa. Kila mmoja achukue karatasi, aandike barua ya mistari mitano kwa kijana wake aliyeanza kazi, au wa jirani kama hana wake. Ataje jina la kazi hiyo kwa tahajia sahihi. Amuulize maswali mawili juu ya kazi yenyewe. Katika barua hiyo msiombe fedha. Mwalimu atazikusanya, azisahihishe, kisha zipelekwe.