Moyo hufaidi saumu, futari ikiuruhusu

Ikifika saa kumi jioni mwezi wa Ramadhani, sokoni Darajani, Unguja, hapapitiki. Watu wanagombea muhogo, majimbi, ndizi mbivu, nazi na tende, na vichochoroni Mji Mkongwe karai za kaimati, sambusa na bajia zimeshapamba moto. Kwa afya ya moyo, mlo huu unaoandaliwa una uzito sawa na njaa ya mchana kutwa.

Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saumu yake ni ya saa 13 hadi 14, iwe kaskazi au kipupwe. Asubuhi mwili hutumia chakula cha daku, kisha hugeukia akiba ya sukari iliyomo kwenye ini. Akiba hiyo ikipungua, mafuta ya mwilini ndiyo huanza kutumika zaidi. Insulini nayo hushuka. Insulini ikiwa nyingi, figo huzuia chumvi isitoke. Ikishuka, chumvi hutoka na mkojo na presha hupungua. Utafiti uliofanywa kwa Waislamu wa London mwaka 2019 ulionyesha kuwa namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi na ya chini pointi 3, na kupungua uzito peke yake hakukutosha kueleza mshuko huo.

Faida hiyo inaweza kumalizwa usiku mmoja. Tui zito la muhogo na ndizi lina mafuta ya aina inayopandisha lehemu mbaya, ile inayojenga utando ndani ya mishipa. Kaimati zilizolowa shira, juu yake juisi yenye sukari, huleta sukari nyingi kwa mkupuo, na ini huigeuza ziada kuwa mafuta yanayozunguka kwenye damu. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyofichika kwenye vitafunio. Hakuna haja ya kuufuta muhogo wa nazi. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha ule kwa kiasi: tui jepesi, samaki wa kuchoma, mchicha na kunde. Maji yanywe kidogo kidogo hadi daku.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa. Wapo wanaoacha vidonge vya presha mwezi mzima kwa kuwa hawajisikii vibaya, na presha hupanda kimyakimya hadi kiharusi. Vidonge vingi humezwa mara moja kwa siku, hivyo daktari anaweza kuvihamishia wakati wa futari. Dawa za kukojoza zikinywewa daku humkausha mtu mchana, akasimama kizunguzungu kikamwangusha. Nazo zinahitaji mpango mpya. Aliyepata shambulio la moyo karibuni, anayeumwa kifua, au ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vyema hadi miguu inavimba, asifunge mpaka daktari aseme. Anayetumia insulini naye asijipangie mwenyewe, maana sukari ikishuka mno moyo huenda mbio na mtu anaweza kuzimia. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, au kutoa fidia ikiwa maradhi hayana matumaini ya kupona.

Wakati wa kuyapanga haya ni Shaabani, si wiki ya pili ya mfungo. Nenda kliniki na vidonge vyako vyote mkononi, upimwe presha, uandikiwe saa mpya za kumeza.